Mbwa auzwe pamoja na kadi yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie biashara ya watoto wa mbwa, ambayo hapa Dar es Salaam hufanyika kando ya barabara na kwenye simu kwa maelewano ya mdomo tu, ilhali hakuna hata mmoja wetu ambaye angenunua pikipiki bila kwanza kuomba aione kadi yake.

Mwezi uliopita nilinunua mtoto wa mbwa kwa ajili ya ulinzi kutoka kwa mfugaji ambaye sina haja ya kumtaja. Alinikabidhi kadi ya chanjo iliyojazwa vizuri, akanihakikishia kuwa mbwa "amemaliza chanjo zote". Siku ya nne mbwa alianza kutapika na kuharisha damu, na siku ya sita akafa. Daktari wa mifugo aliyemhudumia aliitazama ile kadi, akaniuliza stika ziko wapi. Sikumwelewa. Ndipo akanionyesha kadi ya mbwa mwingine: kando ya kila tarehe palikuwa na stika ndogo iliyobanduliwa kwenye chupa ya dawa, yenye jina la chanjo, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi, na juu yake mhuri na sahihi ya daktari. Kadi yangu ilikuwa na tarehe tatu tupu, zote za kalamu moja na, nadhani, za kikao kimoja.

Hata bila stika, umri wa mbwa ulitosha kunizindua. Alikuwa na wiki nane, umri ambao ndio kwanza anafaa kutengwa na mama yake. Chanjo ya parvo na distempa, magonjwa mawili ya virusi yanayoua watoto wa mbwa, huanza kati ya wiki ya 6 na ya 8, hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne hadi wiki ya 16, na ile ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa akifikisha miezi mitatu. Kwa hiyo mtoto wa wiki nane aliyemaliza chanjo zote hayupo duniani, na muuzaji mwaminifu huandika zipi zimetolewa, zipi bado, na nani atazilipia.

Hayo ndiyo yanayopaswa kuwamo kwenye hati ya mauziano, pamoja na majina na namba za simu za pande zote mbili, tarehe ya kuzaliwa, jinsia, rangi na alama za mbwa, bei, dawa za minyoo alizokwisha kupewa, na idadi ya siku ambazo mnunuzi anaweza kumpeleka kwa daktari wake na kumrudisha akikutwa mgonjwa. Ukurasa mmoja unatosha. Anayedai bei kubwa kwa kuwa mbwa ni German Shepherd halisi atoe na cheti cha nasaba. Asiye nacho amuuze kama mbwa tu, maana geti atalilinda vilevile.

Anayemvusha mbwa mpakani, kwa mfano Namanga, anahitaji zaidi ya hayo: kibali cha nchi anakokwenda na cheti cha afya cha daktari wa mifugo wa serikali, navyo huombwa kabla ya safari.

Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona, na Shirika la Afya Duniani linalenga kukomesha vifo vya watu vinavyoletwa na mbwa ifikapo 2030, jambo linalotaka asilimia 70 ya mbwa wawe wamechanjwa. Mbwa anayehama mikono bila kadi ya kweli hahesabiki, na akimng'ata mtoto wa jirani hakuna awezaye kusema kama alichanjwa. Naziomba halmashauri, kupitia maofisa mifugo wa kata, zitoe kadi ya aina moja yenye namba, nayo ibadilishwe jina kila mbwa anapouzwa. Ile niliyopewa mimi bado ninayo, kwa ofisa yeyote atakayependa kuiona.

Msomaji,
Dar es Salaam