Salamu za Pasaka: Alfajiri Makaburini, Jumatatu Uwanjani

Bwana Yesu asifiwe. Mugonile nyote. Wakubwa zangu shikamooni, rika langu habari za masiku, wadogo zangu na wajukuu nawasalimu kwa upendo mwingi.

Kwa niaba ya kamati ya wana wa nyumbani tunaoishi Mbeya mjini, na kwa niaba yangu mwenyewe kama katibu wenu, nawatakia heri na baraka za Pasaka. Tumeifikia kwa neema tu, wala si kwa ujanja wetu. Najua maneno haya mmeyasoma kila mwaka, na safari hii ilibidi kamati inikumbushe ndipo nikakaa kuandika. Mkono ulikuwa mzito, na sababu mnaijua.

Mwaka ulikuwa mgumu. Mchele wa Kyela sasa tunaununua kwa kupima kikombe, sisi ambao Kyela tunaiona tukisimama mlangoni. Sukari msiniulize. Mbolea ya kukuzia ilifika wakati mahindi yameshaamua kuwa ya njano. Nauli kutoka Dar imepanda kama ilivyo ada yake kila ikikaribia sikukuu, na mvua imeila barabara yetu ya kijijini mpaka bodaboda wanakushushia darajani. Basi atakayeshindwa kuja tutamwelewa, na atakayekuja mikono mitupu aje tu, asione haya. Ndizi zipo.

Sasa niingie kwenye jambo ambalo kwa kweli ndilo lililonipa nguvu ya kuandika. Baadhi ya ndugu zetu wametuma ujumbe kwamba mechi ya Jumatatu ya Pasaka iondolewe kwenye ratiba. Wanasema mpira ni anasa, siku ni takatifu, na tena tuna msiba. Wengine wameongeza kuwa ing'oma, ngoma yetu ya asili sisi Wanyakyusa, isisikike kabisa, maana ni mambo ya kipagani. Nimewasoma kwa heshima. Ila nadhani tumesahau kwamba ugomvi huu tumeurithi, na waliotuachia hawakuwa na kauli moja.

Wamisionari wa Kimoravian, akina Theodor Meyer, walifika hapa kwetu Rungwe mwaka 1891. Wale wa misheni ya Kilutheri ya Berlin wakiongozwa na Merensky walipanda kutoka upande wa ziwa mwaka huohuo. Waliwakuta babu zetu wakicheza. Walicheza mavuno, walicheza harusi, na zaidi ya yote walicheza msiba. Akifa mtu mzima, ng'ombe walichinjwa, ngoma ikawambwa, na wanaume wakacheza na mikuki mkononi mpaka vumbi likafunika wanawake waliokuwa wakilia. Godfrey Wilson na mkewe Monica, watafiti wa mila waliokaa huku katika miaka ya 1930, waliliandika hilo kwa kirefu, wakaeleza pia jinsi Wakristo wa wakati ule walivyojitenga na mchezo ule wakaimba nyimbo zao za kanisa. Tusiwaonee wamisionari: kuna misiba ambako mchezo uligeuka vita, kwa sababu kisasi cha zamani kilikuwepo na mkuki nao ulikuwepo. Lakini wao hawakuikataa mikuki peke yake. Waliikataa na ngoma, na pombe, na mkesha wa vijana, wakavifunga vyote kifurushi kimoja na kukiita giza. Katika vituo vingi, aliyebatizwa akionekana ngomani aliitwa mbele ya wazee wa kanisa na kufungiwa Meza ya Bwana. Majirani zetu Wakatoliki, tukubali, walikuwa na mkono mwepesi zaidi kwenye pombe na ngoma. Mkwe wangu wa Tosamaganga hunikumbusha hilo kila tunapokutana, tena akiwa na glasi.

Hapo ndipo huwa nacheka kidogo, maana walioizima ngoma walikuja na tarumbeta. Hii alfajiri ya Pasaka tunayoipenda, ya kwenda makaburini kabla jua halijachomoza, Wamoravian waliianza kule Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732, na matarumbeta ni mali yao ya tangu karne hiyohiyo. Yakaletwa hapa, babu zetu wakayapokea, wakayapuliza mpaka leo. Shaba ikawa ibada, na ngozi ya ng'ombe ikabaki dhambi. Mimi tarumbeta nalipenda na nitalisikiliza mpaka nizikwe nalo, lakini nauliza tu.

Kisha ikaja vita ya kwanza ya dunia. Wamisionari wa Kijerumani wakakamatwa, vijana wetu wakabebeshwa mizigo ya majeshi mawili, la Wajerumani na la Waingereza, na waliorudi salama walikuta mchezo mpya umeenea nchini: beni. Ulitoka pwani, ukasambazwa na askari. Watu walijipanga kwa vyeo kama jeshi, wakapiga tarumbeta na ngoma kubwa, kikundi cha Marini upande huu na cha Arinoti upande ule, wakishindana kwa mavazi, kwa nyimbo na kwa karamu. Masheikh wa pwani waliukemea, wachungaji na mapadre wakaukemea, na maofisa wa Kiingereza wakautazama kwa jicho la mashaka, maana mtu mweusi aliyejiita jenerali, hata kwa mchezo, hakuwafurahisha. Sidhani yapo mambo mengi ambayo msikiti, kanisa na boma viliwahi kuafikiana hivyo.

Nenda Malangali, kule Iringa, sasa. Mwaka 1928 serikali ilifungua shule pale, chini ya Mwingereza aitwaye Mumford, naye alikuja na fikra tofauti kabisa. Alitaka mtoto wa Kiafrika asikatwe na kwao. Wanafunzi wavae nguo za asili badala ya kaptura, wazee waje shuleni wafundishe mila, ngoma ichezwe. Kwa hiyo mtoto wa nyanda hizi hizi, akiwa misheni anaadhibiwa kwa kucheza ngoma, na akienda shule ya serikali ngoma ni sehemu ya masomo! Wazazi wengi hawakufurahia. Walisema: ngoma tunayo nyumbani, sisi tumemleta mtoto ajifunze kusoma na kuandika Kiingereza. Nami nawaelewa wazazi wale. Mmoja alitunyang'anya mchezo wetu, mwingine akaturudishia kwa amri, na hakuna kati yao aliyemuuliza mchezaji.

Mpira wa miguu ulipita mlango mwingine. Katika shule ya Kiungani kule Unguja wamisionari wa Kiingereza walikuwa wakiwachezesha wanafunzi wao tangu karne ya 19, wakiamini kwamba kijana aliyechoka kwelikweli hakeshi usiku akiwaza maovu. Mpira una filimbi, una mstari, una saa ya kuanza na ya kumaliza, na mkubwa akisema umetoka, umetoka. Nadhani ndiyo maana wakoloni na wamisionari waliupenda. Kwenye klabu zao wenyewe walicheza tenisi na gofu, na Mwafrika aliingia akiwa amebeba mfuko wa fimbo za bwana. Shuleni wakatupa mpira, ila Jumapili ulifungiwa stoo pamoja na majembe. Nje ya shule watoto waliendelea na wa kwao wa magome ya migomba, usiosubiri filimbi ya mtu. Wasichana walipewa sindano na nyuzi, na rede wakaicheza uani bila kuomba ruhusa. Netiboli ilikuja baadaye.

Marehemu baba alisimulia kwamba akiwa kijana katika miaka ya 1950 alifungiwa Meza ya Bwana kwa sababu alionekana akipiga ing'oma kwenye mazishi ya mjomba wake. Kabla ya hapo alicheza winga ya kushoto kwenye timu ya shule, akashangiliwa na mwalimu yuleyule aliyepeleka jina lake kwa wazee. Baba hakulikasirikia kanisa. Alirudi mezani, akawa mzee wa kanisa yeye mwenyewe. Lakini kila tulipozika mtu nilimwona vidole vyake vikigonga juu ya goti.

Na mwaka 1986, timu yetu ya Tukuyu Stars ilipochukua ubingwa wa nchi, wale tuliowaita Banyambala, watoto na wajukuu wa waliofungiwa meza, sikuona mzee wa kanisa hata mmoja aliyeizima redio.

Sasa niseme la kwangu, mniwie radhi. Alfajiri hii ya Pasaka, jina la kaka yangu litasomwa makaburini pamoja na wote waliotutangulia mwaka huu. Mnamjua: kipa wenu. Alidaka Jumatatu ya Pasaka tangu hana ndevu mpaka kisukari kilipomla mguu, na hata baada ya hapo alikaa nyuma ya goli na fimbo yake akiwafokea mabeki. Sikuwahi kutazama kona ikipigwa golini kwake nikiwa nimefumbua macho. Gharama za matibabu ziliondoka na ng'ombe, zikaondoka na shamba la chai upande wa chini, na wengi wenu mlichangia. Mungu awalipe, mimi sitaweza. Kule hospitali, alipokuwa bado ana kauli, hakuniuliza habari za shamba. Aliniuliza, "Mdogo wangu, Jumatatu nani anadaka?" Nikamwambia utadaka mwenyewe. Akanitazama vile mkubwa anavyomtazama mdogo anayesema uongo kanisani. Glovu zake zipo kwangu, na bado sijajua nimpe nani.

Kwa hiyo wanaosema tusicheze kwa sababu ya msiba, msiba huo ni wa kwangu kwanza, nami nasema tucheze.

Na kwa wanaosema Biblia inakataa, ndugu zangu, fungueni Zakaria sura ya nane. Bwana anapoahidi kuirudia Yerusalemu, anataja wazee wakikaa njiani na fimbo zao kwa wingi wa siku, kisha anasema njia za mji zitajaa wavulana na wasichana wakicheza. Wanacheza mbele ya wazee, na wazee wanatazama! Fungueni Samweli wa Pili, mumwone Daudi akicheza mbele ya sanduku la Bwana kwa nguvu zake zote, na mumwone mkewe Mikali dirishani akimdharau moyoni. Wengi wetu tumehamia dirishani kwa Mikali. Tunamwona kijana anaruka, tunahesabu dhambi zake. Hatuzihesabu zetu za kukaa barazani tangu ibada iishe, tukimsema mchungaji, mke wa mchungaji na kuku waliopelekwa kwa mchungaji.

Lakini nanyi vijana msinipigie makofi upesi, maana fimbo inakuja kwenu. Mchezo ninaoutetea ni ule unaokutoa jasho. Hiyo mikeka mnayobeti usiku kucha kwenye simu mnaiita mchezo, na ndani yake hakuna hata mmoja wenu anayekimbia! Mtu anauza parachichi changa mtini, anauza mbolea ya ruzuku ya mama yake, anaweka pesa kwa timu ya Uingereza ambayo haijui kama Rungwe ipo. Asubuhi mkeka umechanika, anakuja kwa katibu kukopa nauli. Babu zetu walilaumiwa kwa kucheza kupita kiasi. Ninyi mtalaumiwa kwa kukaa. Acheni. Nasema acheni! Na pombe kali mnazojaza mfukoni mkienda uwanjani, acheni. Na matusi kwa refa, hata akiwa shemeji yako, acheni. Wazazi, na sisi tusijifiche: kijana asiyeona baba yake akishika mpira, au ngoma, au kitabu cha nyimbo, ataona simu tu, kwa sababu ndiyo anayoona baba ameishika.

Wazee wa kanisa, kwenu naomba kwa magoti. Ing'oma ipigwe Jumatatu, mchana kweupe, baada ya ibada, na ninyi mkae mbele. Kama kuna neno baya kwenye wimbo mtalisikia wenyewe na mtalikataza wenyewe. Mkiikimbia, itachezwa gizani mahali ambapo hakuna mzee.

Ratiba basi ni hii, na kamati imeipitisha. Alfajiri ya Jumapili tunakutana kanisani kabla ya jogoo wa pili, tarumbeta zinatangulia, tunashuka makaburini. Njooni na makoti ya mvua na viatu vya matope. Baada ya ibada kuu kila mtu kwake, alichojaliwa ale na jirani. Jumatatu ibada ya asubuhi, kisha netiboli inaanza, nasisitiza inaanza, maana kila mwaka dada zetu huambiwa wasubiri mpaka mvua inanyesha. Halafu mpira, waliooa dhidi ya wasiooa, zawadi mbuzi kama kawaida. Mbuzi tayari yupo kwa mwenyekiti na anakula vizuri. Jezi za mwaka jana zirudishwe, mnajijua mnaolimia nazo. Upande wa waliooa hauna kipa. Anayejiamini aje anione Jumapili jioni, nitampimia glovu.

Ninamalizia kwa kuwatakia nyote Pasaka njema yenye amani, afya na furaha. Wagonjwa Bwana awaguse, wajane na yatima awafunike, wasafiri awafikishe salama, wakulima awape mavuno, wanafunzi awafungue akili. Amefufuka! Amefufuka kweli kweli!

Ndaga fijo, asanteni sana.

Wenu katika Bwana,
Katibu