Stoo ya vipuri haikabidhiwi kwa funguo tu

Mhariri,

Taasisi zetu kubwa hapa Unguja, hospitali na skuli za bweni, zinapotaka kumpa mkandarasi stoo ya vipuri vya matengenezo aiendeshe, itangulie hesabu ya pamoja, kila kipuri na kipimo chake. "Beringi ya pampu" haitoshi. Iandikwe namba yake, 6205: tundu milimita 25, nje 52, unene 15. La sivyo fundi atapewa inayofanana, na pampu itakufa tena.

Zito zaidi ni malipo. Mkandarasi akilipwa asilimia ya thamani ya anachonunua, atajaza rafu. Alipwe ada ya mwezi isiyobadilika, na akatwe kila kipuri cha lazima kikikosekana.

Kuagiza kufuate safari ya mzigo kutoka Dar es Salaam. Washa za koki zikitumika 4 kwa siku, mzigo ukachukua siku 10, akiba iwe 20: zikibaki 60, yaani 40 za siku za kungoja na hizo 20, agiza. Na jamani, hewa yetu ya chumvi! Beringi iliyovuliwa karatasi yake ya mafuta hushika kutu ikiwa rafuni. Mikanda ya mashine nayo isitundikwe msumarini; hupinda pale ilipoegemea, ikakatika mapema.

Usiku, ufunguo ubaki kwa fundi wa zamu, na akichukuacho akiandike kabla hajatoka.

Fundi matengenezo,
Unguja