Salamu za Chongyang: heri kwa wazee, neno kwa wenye mamlaka

Wapendwa,

Heri ya sikukuu ya Chongyang kwenu nyote mlioko Guangzhou na Yiwu, China, kwa masomo na biashara, na kwenu mliobaki nyumbani Afrika Mashariki. Hii ni siku ya 9 ya mwezi wa 9 katika kalenda ya jadi ya Wachina, na kwa kawaida huangukia Oktoba. Watu hupanda milima, hula keki za mchele na hunywa divai iliyotiwa maua ya krisanthemamu. Hapa Guangzhou mlima ni Baiyun. Mababu hupanda polepole na fimbo zao, wajukuu wakiwa pembeni na vititia vya karatasi vinavyozunguka kwa upepo. Ukiwaona unafurahi, kisha unamkumbuka mzee ambaye hana wa kupanda naye.

Mwishoni mwa 2024 China ilikuwa na watu zaidi ya milioni 300 wa umri wa miaka 60 na kuendelea. Wengi wanaishi vijijini, Hunan au Sichuan, na watoto wao wamo viwandani Shenzhen na Dongguan. Wapo wenye mtoto mmoja tu, maana ndivyo sera ya uzazi ilivyotaka hadi 2015.

Serikali iliona. Sheria ya haki za wazee iliyoanza kutumika Julai 1, 2013 iliitambua Chongyang kuwa Siku ya Wazee, ikawataka watoto wanaoishi mbali wawatembelee wazazi wao mara kwa mara au wawajulie hali. Siku hiyohiyo mahakama moja mjini Wuxi ilimwamuru binti amtembelee mama yake walau mara moja kila miezi miwili. Namwonea huruma mama yule, lakini najiuliza binti alipofika mlangoni aliingia na uso gani.

Confucius, mwanafalsafa wa kale wa China, aliulizwa na wanafunzi wake maana ya kuwatunza wazazi. Mwanafunzi mmoja alijibiwa kwamba siku hizi watu hudhani ni kuwalisha tu, ilhali hata mbwa na farasi tunawalisha. Pasipo heshima, tofauti iko wapi? Mwingine aliambiwa kwamba kilicho kigumu ni uso. Kijana kumfanyia mzee kazi au kumtengea chakula kwanza ni jambo jepesi, bali kumkunjulia uso ndiyo kazi. Hili linatuhusu hata sisi tunaotuma pesa nyumbani kwa simu, kisha mama akipiga tunajibu kwa haraka kama watu wanaodaiwa.

Ila nisingependa mzigo wote abebeshwe mtoto. Mencius, mwanafalsafa aliyefuata mafundisho ya Confucius na aliyeishi karne ya 4 kabla ya Kristo, alimweleza Mfalme Xuan wa Qi, dola mojawapo ya China ya kale, kwamba mtawala mwenye akili hupanga kwanza riziki za watu wake, ili kila mtu awe na cha kuwatunzia wazazi na cha kulishia mke na watoto. Baada ya hapo ndipo awahimize wema. Kuwaacha watu wafukarike, wakikosea ukawaadhibu, alikuita kuwatega watu kwa wavu. Sijaona hoja ya siasa inayowafaa zaidi wafanyakazi wa leo.

Maana tazama: siku ya wazee imo katika sheria, lakini China Bara si siku ya mapumziko. Hong Kong ni mapumziko, na familia huenda makaburini kusafisha na kuwakumbuka waliotangulia. Fundi wa Dongguan anashinda kiwandani. Sheria ileile inawataka waajiri wawape wafanyakazi likizo ya kwenda kuwaona wazazi, lakini kumdai mwajiri likizo si rahisi kwa anayeogopa kupoteza kibarua. Na akitaka kumleta mama mjini, usajili wa makazi wa kijijini unamwekea vikwazo vya pensheni na matibabu. Mambo haya yanarekebishika na wanaotunga sheria, na ningetamani waanzie hapo kabla ya kumpeleka binti mwingine mahakamani.

Kwenu waajiri mlio na vijana wa mbali: wapeni ruhusa wiki hii, hata ya siku mbili. Kwenu vijana mtakaoipata: fikeni na nyuso zilizokunjuka. Na kwenu wazee wetu, wa Hunan, wa Tanga na wa Kisumu, Mungu awape afya na watu wa kukaa nao. Shikamooni.