Machotara huru wa Haiti wasiachwe nje ya simulizi

Mhariri,

Makala yenu kuhusu mapinduzi ya Haiti nimeisoma kwa hamu, ila imeyaeleza kama vita vya pande mbili tu: bwana mzungu na mtumwa mweusi. Katikati yao walikuwepo watu huru wasio wazungu, takriban 28,000, wengi wao machotara. Ukiwaruka hao, uasi wa watumwa wa mwaka 1791 hauelezeki.

Sheria ya Ufaransa ya 1685, Code Noir, ilimpa mtumwa aliyeachwa huru haki zile zile za aliyezaliwa huru. Lakini kadiri machotara wa Saint-Domingue, kama Haiti ilivyoitwa ilipokuwa koloni la Ufaransa, walivyotajirika kwa kahawa na nili, ndivyo walivyozidi kubanwa. Udaktari ulikuwa marufuku kwao. Mwaka 1773 walikatazwa kutumia majina ya ukoo ya wazungu, hata kama mzungu huyo ndiye baba mzazi. Mama alipompeleka mwanawe kubatizwa ilimbidi ampe jina la Kiafrika, au la kazi yake, au la rangi yake. Jina la Kiafrika liligeuzwa alama ya kumshusha mtoto! Mwaka 1779 wakakatazwa kuvaa na kutengeneza nywele kama wazungu, na mwaka huo huo mamia ya vijana wao wakavushwa bahari kwenda kupigana Savannah, upande wa Wamarekani waliodai uhuru. Hilo linaniuma kila nikilifundisha.

Hata hivyo, tusiwafanye malaika. Julien Raimond, aliyewatetea mjini Paris, alikuwa na shamba la nili na watumwa wake. Vincent Ogé, chotara mwenzake, alipoasi Oktoba 1790 aliwadaia haki walio huru tu. Watumwa hakutaka kuwashirikisha. Februari 1791 yeye na mwenzake Jean-Baptiste Chavannes walivunjwa mifupa hadharani mjini Cap-Français hadi kufa.

Mwezi Mei bunge la Paris likawapa haki wale tu ambao baba na mama wote walikuwa huru, na hata hao wachache walowezi wakawakatalia. Agosti watumwa wakainuka wenyewe. Tarehe 4 Aprili 1792 ndipo usawa ulipotolewa kwa watu wote huru, machotara na weusi, kwa matumaini kwamba watasaidia kuuzima uasi wa watumwa.

Naomba makala ijayo iwape nafasi yao, pamoja na watumwa ambao wao wenyewe waliwamiliki.

Mwalimu wa historia,
Morogoro