Unga wa viungo anaotumia Mama

Tanga, Jumapili usiku

Shoga yangu Zuhura,

Asalaam aleikum. Barua yako Rukia ameileta jana. Sisi hatujambo, salamu za mmoja mmoja nitazileta siku nyingine, maana kuna mstari umeuandika juujuu kama si kitu: eti Mama amepata unga wa miti shamba, anachota nusu kijiko asubuhi, na maumivu ya viungo ya chikungunya, ule ugonjwa wa virusi vya mbu, "yanakatika saa ileile". Miezi minne vidole havikunjiki, leo anakuna nazi. Mwenzio furaha, mimi nimeshtuka.

Zuhura, dawa za miti za viungo, hata zile zenye msaada, huenda polepole; nafuu yake huhesabiwa kwa wiki. Unga ukikata maumivu ndani ya saa moja, cha kwanza kushuku ni vidonge vilivyosagwa humo ndani: deksamethasoni au prednisoloni, ambazo ni steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe, pengine diklofenaki, ya kutuliza maumivu. Ni ujanja wa zamani, na maabara za nchi nyingi zimeukuta ndani ya "dawa za asili" za viungo. Muuzaji anaandika "hauna kemikali" kwenye karatasi, basi, nani atapima?

Hebu mtazame vizuri. Uso umejaa na kuwa wa mviringo? Hamu ya kula imezidi ghafla? Usiku hapati usingizi, kiu haimwishi, anaamka kukojoa? Presha iliyokuwa imetulia imepanda? Hizo ni dalili za steroidi. Diklofenaki nayo huchubua tumbo, na kwa mwenye presha huumiza figo. Ukiona choo cheusi kama lami, au akilalamika tumbo linamkata, usingoje kuche, hospitali.

Lakini usimnyang'anye kopo! Najua ulivyo, ukimaliza kusoma hapa utaelekea jikoni. Mtu akimeza steroidi kila siku kwa wiki tatu au zaidi, tezi zilizo juu ya figo huzembea, haziitengenezi tena kotisoli, steroidi ya mwili wenyewe. Ukikata ghafla hana ya kutoka nje wala ya kwake: nguvu zinaisha, anatapika, presha inashuka, anaweza kuzirai. Halafu mtaa mzima utasema ameugua kwa kuachishwa dawa yake, na muuzaji atapata wateja zaidi. Asiongeze, asikate. Kesho mpeleke kwa daktari, kopo mkononi na karatasi yake, umwambie alianza lini na anachota kiasi gani. Apimwe presha, sukari, figo na potasiamu, ile chumvi ya damu ambayo moyo unaihitaji. Daktari akiona inafaa atampa prednisoloni ya kipimo kinachojulikana, kisha ataipunguza hatua kwa hatua. Ikiwa ameula kwa siku chache tu kuacha ni rahisi, ila hilo aliamue yeye, si mimi na wewe kwa barua.

Mdogo wako anayempa shubiri "kutoa virusi vilivyobaki" mwambie apumzike. Virusi vya chikungunya kwa kawaida huondoka kwenye damu ndani ya wiki moja hivi. Kinachobaki ni uvimbe wa viungo, kinga ya mwili haijatulia. Hakuna cha kuharisha. Tena ule utomvu wa manjano wa shubiri huondoa potasiamu, kidonge cha presha cha kukojoza nacho hivyohivyo, na steroidi nayo hivyohivyo. Vikikutana vitatu, moyo unaweza kwenda mbio ovyo. Shubiri iachwe leo, hiyo haina kusubiri daktari.

Sasa yale uliyoniuliza. Kukanda kwanza. Asubuhi ndipo viungo hukakamaa, kwa hiyo maji ya uvuguvugu kwenye karai mara tu akiamka, uyajaribu wewe kwa kiwiko, hasa kama nyayo zake zina ganzi. Mikono ikae dakika 15, na isikae bure: akunje ngumi taratibu, ahesabu mpaka tano, aachie, mara 10, kisha kidole gumba kiguse ncha ya kila kidole. Miguu vivyo hivyo, azungushe vifundo kulia na kushoto. Maumivu kidogo wakati wa zoezi si neno. Yakibaki yamezidi saa mbili baadaye, kesho apunguze nusu. Watu hukosea pande mbili: kuna anayelala kitandani wiki nzima mpaka misuli inasinyaa, na kuna anayepata siku moja ya nafuu akafua nguo za nyumba nzima, kesho yake hainuki. Mama, tunamjua, ni wa hili la pili.

Kiungo kilichovimba na chenye joto usikikande kwa moto wala usikichue. Barafu ndani ya kitambaa, dakika 10, inatosha.

Mafuta ya karafuu umesema yamemuunguza. Bila shaka mmepaka matupu! Tone moja kwenye vijiko viwili vya chai vya mafuta ya nazi, jaribu kwanza sehemu ndogo ya mkono, ungoje mpaka kesho. Yatamliwaza kwa joto na kuchuliwa, uvimbe wa ndani hayautibu. Yasinywewe, na wajukuu wasiyafikie. Manjano na tangawizi za mchuzi ale tu. Vidonge vya manjano vilivyotiwa pilipili manga sivitaki: hiyo pilipili huongeza kinachoingia mwilini, na vimewahi kuwaumiza watu ini. Habasoda pia hushusha presha na sukari kidogo, kwa hiyo asiifiche kwa daktari. Hijama, ile ya kuumika... mwenye imani nayo simkatazi, lakini wembe uwe mpya, na kama anameza aspirini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, hapana.

Akiumwa kweli, parasetamoli: vidonge viwili vya miligramu 500, zipite saa sita, visizidi vinane kwa siku, na kwa mwili wake ule mwembamba daktari amwambie kama vipungue. Diklofenaki ya dukani juu ya unga usiojulikana, usithubutu.

Nakurudisha kwenye huo unga, samahani, haunitoki kichwani. Lamu mwaka 2004 ilikadiriwa watu watatu kati ya kila wanne waliambukizwa chikungunya. Ugonjwa huu ukiingia mtaani huacha viungo vingi vinavyouma kwa mkupuo mmoja, na wauzaji wa kopo wanajua soko lilipo. Kwa hiyo Mama hayuko peke yake, na akikubali, majirani wanaoununua nao wajue. Mwalimu Saidi atasema nachukia miti. Mwambie mti siuchukii, nachukia kidonge kilichovishwa nguo za mti.

Na mwambie daktari jambo moja zaidi: miezi mitatu imeshapita na uvimbe bado upo. Hapo huombwa vipimo vya baridi yabisi, kwa sababu dawa zake ni nyingine kabisa.

Nijibu haya haraka. Ameanza unga lini hasa, na ni mara moja kwa siku au anajiongezea usipomwona? Nani kamuuzia? Vidonge vya presha majina yake ni yapi, cha kukojoza kimo? Viungo gani bado vimevimba, na ni pande zote mbili? Sukari mara ya mwisho ilipimwa lini? Mapipa ya uani yana vifuniko? Mama kwa kawaida haugui tena, lakini wale wajukuu mbu wa mchana watawamaliza. Na kanga yangu bado iko kwako, au Rukia ameshaifanya yake? Piga simu ukitoka kwa daktari, usingoje mtu wa basi.

Wako,
Mwanaidi