Majivu ya Karthala na sisi wa pwani

Mhariri,

Mama yangu mdogo aliolewa Ngazidja, kisiwa kikubwa cha Komoro. Mlima Karthala, volkano ya huko, ulipolipuka Novemba 2005, alishinda akifagia majivu juu ya bati, na tangi lake la maji ya mvua likageuka tope. Kule wengi hutegemea maji ya mvua. Shida ya kwanza ikawa kiu.

Volkano hubisha hodi. Uji wa moto ukipanda hupasua miamba, ardhi ikatetemeka kidogo kidogo, mlima ukavimba, harufu ya salfa ikazidi. Wataalamu husikiliza kwa mitambo.

Mtwara hatuna volkano, ila bahari ni moja. Tsunami ya Desemba 2004 ilifika pwani ya Tanzania. Kimbunga Kenneth kilipotukaribia Aprili 2019, nilitoka nyumbani na mtoto mgongoni, sijui nielekee wapi.

Naomba viongozi wetu waonyeshe kila mtaa wa ufukweni njia ya kukimbilia, na vipaza sauti vya misikiti vitumike kutoa onyo. Wavuvi wa Mikindani na Msimbati, na wanaokwenda kuchokoa pweza, waambiwe mapema: bahari ikikupwa ghafla si saa yake, waache kila kitu wapande juu.

Mkazi wa Shangani,
Mtwara