Wazee wapanuliwe mboni kabla ya kupasuliwa mtoto wa jicho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua niwaeleze wasomaji jambo ambalo familia yetu ililifahamu kwa kuchelewa. Baba yangu alipokuwa na miaka 71 alipasuliwa mtoto wa jicho la kulia, akawekewa lenzi ya bandia, na kwa miaka sita akaona vizuri kabisa. Kisha asubuhi moja aliamka jicho lile likiona ukungu mtupu, kwa kuwa lenzi ilikuwa imeteremka ndani ya jicho pamoja na kifuko chake. Daktari wa pili alimtia dawa ya kupanua mboni katika jicho la kushoto, ambalo halikuwahi kupasuliwa, akaona juu ya lenzi duara la chembe nyeupe, mfano wa mba katika nywele, akatutajia ugonjwa ambao hatukuwahi kuusikia: sudoeksifolieshoni.

Ugonjwa huu ulielezwa mwaka 1917 na John Lindberg, daktari wa Finland. Ni nadra kwa mtu ambaye hajafikisha miaka 50, na huongezeka kadiri umri unavyosonga. Mwili hutengeneza nyuzinyuzi za protini zisizo za kawaida, nazo hutua juu ya lenzi, kwenye ukingo wa mboni, na katika njia ambayo maji ya ndani ya jicho hupita kutoka nje. Njia hiyo ikiziba, presha ya jicho hupanda, mara nyingi juu zaidi kuliko katika glakoma ya kawaida (ugonjwa unaoharibu mshipa wa fahamu wa jicho), na huweza kuuharibu mshipa huo upesi bila mgonjwa kuhisi maumivu yoyote. Zaidi ya hayo, nyuzi zinazoishikilia lenzi hulegea na mboni hukataa kupanuka vizuri, hivyo daktari wa upasuaji hulazimika kufanya kazi kupitia tundu dogo, juu ya lenzi isiyo imara.

Nimewasikia watu wakisema kuwa haya ni maradhi ya Wazungu wa kaskazini. Ni kweli kwamba yameenea Finland na Iceland, lakini yameenea pia Ethiopia, ambako yameonekana kwa wagonjwa wengi wanaosubiri upasuaji wa mtoto wa jicho, na miongoni mwa Waafrika weusi wa Afrika Kusini. Mwaka 2007 watafiti waliokuwa wakichunguza wagonjwa wa Iceland na Sweden waliyahusisha na jeni iitwayo LOXL1. Hata hivyo, baadhi ya alama za jeni hiyo zinazoongeza hatari kwa Wazungu zilionekana kufanya kinyume chake kwa weusi wa Afrika Kusini. Kwa hiyo kinachotufaa sisi si kipimo cha jeni, bali ni jicho la daktari, akitumia darubini yenye mwanga mwembamba, mboni ikiwa imepanuliwa.

Chembe hizo hazikai machoni tu. Zimekutwa pia katika ngozi, moyo, mapafu, ini na figo. Zipo tafiti zilizouhusisha ugonjwa huu na kupungua kwa usikivu na maradhi ya mishipa ya damu, na nyingine hazikuona uhusiano huo, kwa hiyo sitaki kumtia mtu hofu. Baba naye hasikii vizuri, lakini siwezi kudai kwamba chanzo ni hiki.

Ombi langu kwa kliniki na kambi za macho ni kwamba, hata foleni iwe ndefu kiasi gani, kila mzee apanuliwe mboni, apimwe presha ya jicho, na majibu yaandikwe kwenye kadi yake. Katika kadi ya kwanza ya baba, mahali pa presha hapakuandikwa kitu. Daktari akijua mapema, hujiandaa kwa pete ya kuimarisha kifuko cha lenzi na kwa vifaa vya kuifungua mboni. Mgonjwa naye aelezwe kuwa kutolewa kwa lenzi hakuzuii chembe kuendelea kutengenezwa, hivyo vipimo vya presha ni vya maisha yote. Dawa ya kuziyeyusha haijapatikana, lakini presha hushushwa kwa matone, kwa mionzi ya leza au kwa upasuaji.

Baba sasa anatiwa matone kila usiku, na dada yake, ambaye ni shangazi yetu, tutampeleka kuchunguzwa mwezi ujao. Anayempeleka mzee wake na amsubiri hadi mwisho, kwani mboni iliyopanuliwa huona ukungu kwa saa kadhaa, na si salama arudi nyumbani peke yake.

Msomaji wako,
Morogoro